Lukta ya Ustadhi Wagdi

Ustadhi Wagdi Abdel-Bari hakuwahi kupata kitu maishani kwa bahati, na jambo hilo alijivunia kama wengine wanavyojivunia watoto wao. Alifundisha Kiarabu katika shule ya wavulana mjini Tanta kwa miaka thelathini na minne bila kuchelewa kipindi hata kimoja, mpaka alipostaafu. Chai yake ya jioni ilikuwa saa kumi na moja, si kasoro dakika tano. Ukimgongea mlango bila miadi, dada yake Insaf ndiye angekufungulia na kukukalisha sebuleni, naye Ustadhi angejikalia chumbani akikusikiliza ukinywa kahawa yake, mpaka uchoke uondoke zako.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mmoja wa watu watano wa jopo la kamusi lililokutana Kairo kila mwezi. Kila neno aliloliokoa vitabuni aliliandika katika nusu karatasi: neno lenyewe juu, maana katikati, shahidi wa kitabuni chini, na pembeni, kwa wino mwekundu, hukumu. Hukumu zilikuwa mbili tu, linaishi au limekufa. Maneno mengi ya Ustadhi Wagdi yalikuwa yamekufa. Karatasi zilijaa masanduku ishirini na saba ya viatu, na masanduku yalijaa chini ya vitanda, juu ya kabati, na ndani ya tanuri ambalo Insaf hakuwa ameoka ndani yake tangu afiwe na mumewe ahamie pale.

Majira ya kuchipua mwaka ule, mwenyekiti wa jopo, Daktari Zuhdi, aliwaletea wajumbe barua. Wafasiri walikuwa wakilia. Wazungu wana neno moja, alisema, linalotokana na Sarandibu, jina la kale la kisiwa cha Silani, Sri Lanka ya leo, na maana yake ni hii: mtu anatoka kutafuta jambo fulani, njiani anakutana na jema jingine asilolitafuta, naye analitambua. "Jina la kisiwa ni letu," aliandika Daktari Zuhdi kwa uchungu. "Wao wamelichukua wakalifanyia neno, na sisi tumebaki mikono mitupu. Leteni neno la Kiarabu. Moja. Mwisho Alhamisi ya wiki ijayo."

Ustadhi Wagdi alikerwa na maana yenyewe kabla hata hajaanza kutafuta. Kupata usichokitafuta! Hiyo kwake haikuwa elimu, ilikuwa uzembe wenye nyota njema. Hata hivyo kazi ni kazi. Siku tano alipekua masanduku, akatoka na neno lenye herufi kumi na nne ambalo yeye mwenyewe aliweza kulitamka akiwa ameketi tu. Jumatatu asubuhi, akiwa ameridhika nusu, alikwenda kunyolewa.

Kinyozi alikuwa na foleni. Aliporudi karibu saa tano, nyumba ilikuwa na mwangwi.

"Insaf," aliita. "Masanduku yako wapi?"

Insaf alikuwa uani anaanika nguo, anaimba. "Masanduku gani, kaka?"

"Insaf, usinichezee shere."

"Ah, yale makaratasi! Nimeyatoa. Wiki ijayo ni sikukuu ya Shamu Nasimu, watoto wa dada zetu wote wanakuja kula samaki wa chumvi. Wangekaa wapi, juu ya kamusi?" Akainua beseni jekundu la plastiki, jipya, linang'aa. "Tazama. Shahhat kanipa hili, na vibanio vya nguo kumi na viwili juu. Mwanzoni alitaka kunipa beseni tu, nikamwambia wewe Shahhat, huogopi Mungu? Hiyo ni elimu!"

Ustadhi Wagdi alikimbilia jikoni, akafungua tanuri. Kati ya maneno elfu kumi na moja halikubaki hata moja.

"Kaka? Mbona umegeuka rangi? Keti. Keti nikuletee maji."

Hakuketi. Alitoka shoti, na sabuni ya kinyozi bado iko nyuma ya sikio, akiwa hajavaa koti, jambo ambalo watu wa mtaa ule hawakuwahi kuliona. Wengine walidhani nyumba inaungua. Muuza mboga alimfuata na ndoo ya maji hadi pembeni mwa barabara, kisha akaona moshi hakuna, akarudi.

Shahhat, mnunuzi wa vikorokoro, alikuwa amemfunga punda wake kivulini mwa ukuta wa stesheni, anakula vitunguu na mkate.

"Masanduku nimempa muuza viatu," alisema bila wasiwasi. "Kafurahi kweli. Karatasi kachukua Sitti Tafida."

"Tafida gani?"

"Yule wa kukaanga dengu, karibu na msikiti wa Sayyid Badawi. Karatasi nzuri zile, Ustadhi, ngumu. Mafuta hayapenyi."

"Mafuta?"

"Si anafungia dengu? Au ulitaka azisome?"

Kwa kweli alikuwa anazisoma. Ustadhi Wagdi alipofika dukani alikuta watu wamejaa hadi barabarani, wanacheka. Nyuma ya meza, kati ya magunia ya dengu za kukaanga, karanga na mbegu za tikiti, alisimama mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani, nyusi moja imepanda kuliko ya pili. Alisokota nusu karatasi ikawa pembe, akaijaza mbegu, na kabla ya kumkabidhi mteja akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mtihani:

"Wewe umeangukiwa na: ngamia jike anayekataa kukamuliwa mpaka apapaswe pua!"

Watu wakaangua kicheko. Mteja, karani mmoja mwembamba, akasema, "Huyo si mimi, huyo ni mama mkwe wangu. Nipe ya pili."

"Acha!" Ustadhi Wagdi alipiga ukelele. "Mama, acha mara moja! Hizo ni mali yangu!"

Tafida akamtazama kuanzia sabuni ya sikioni hadi viatu. "Mimi nimenunua kwa Shahhat, Shahhat kanunua nyumbani. Kwani ni za wizi?"

"Ni kamusi!"

"Ndiyo maana," alisema Tafida, kama mtu aliyeteguliwa kitendawili. "Nimejiuliza tangu asubuhi, ni mwendawazimu gani mwenye mwandiko mzuri namna hii."

Ustadhi Wagdi alishika meza. Akaeleza, kwa sauti iliyopasuka katikati, kuhusu miaka kumi na tisa, na safari za maktabani, na Alhamisi. Kicheko kilififia. Tafida akaondoa mkono wake juu ya fungu la karatasi lililobaki, akalisukuma upande wa pili wa meza, kisha akamvutia kigoda.

"Nimeuza tangu saa tatu," alisema. "Mia nne zimekwenda, labda zaidi. Usilie, Ustadhi, watu wa Tanta hawajala karatasi bado." Akawageukia wateja, akapaza sauti. "Sikieni! Atakayerudisha karatasi yenye neno, nampa pembe nyingine imejaa, bure! Peaneni habari!"

Habari zikapeana zenyewe. Adhuhuri ile watu walianza kurejea, na siku ya pili wakaja wengi zaidi, wengine kutoka vijiji vya pembeni. Ustadhi Wagdi aliketi kwenye kigoda kando ya gunia la karanga, akipokea karatasi moja moja, akizinyoosha juu ya goti. Zilikuwa na chumvi na alama za vidole. Moja ilikuwa imetafunwa na mbuzi, maana imebaki, neno limeliwa. Mchinjaji Hanafi alikataa katakata kurudisha ya kwake. Alikuwa amepata ngamia dume anayewatangulia wenzake majini, na ameipigilia misumari juu ya ndoana za nyama. "Hilo ndilo mimi," alisema. "Mngelinipa miaka thelathini iliyopita, ningeoa vizuri zaidi." Ustadhi akalazimika kwenda kuinakili palepale buchani, amesimama kati ya mapaja mawili ya ng'ombe.

Jumanne mchana alikuja mkunga kutoka kijijini, Zakiyya, mwanamke mnene mwenye kikapu kichwani. Hakutaka dengu. Alitaka ugomvi.

"Nani kaandika hii?" Akaiweka karatasi mezani. Ilikuwa na neno la kilio cha kwanza cha mtoto anapozaliwa, na pembeni, kwa wino mwekundu: limekufa. "Mwanangu kanisomea. Limekufa? Limekufa wapi? Nimelisema jana asubuhi, na mtoto yuko hai, mnene kama boga!"

"Mama, halijaonekana katika maandishi kwa miaka mia sita."

"Sasa mimi nizalishe watu kwa maandishi?"

Wanawake waliokuwa wakinunua karanga wakashangilia. Ustadhi Wagdi alikohoa. Alitaka kumjibu kwa jina la kitabu na ukurasa, kama alivyowajibu wanafunzi na wakaguzi wa shule maisha yake yote. Badala yake akasikia mkono wake mwenyewe unatafuta kalamu mfukoni.

"Ulilisema vipi?" aliuliza. "Nataka sentensi nzima, mama. Na ulikuwa unamwambia nani?"

Zakiyya akaisema. Aliisema kwa lafudhi ya shambani, na neno lilikaa katikati ya sentensi limestarehe kama mwenye nyumba. Ustadhi Wagdi akageuza karatasi, akaandika nyuma: Zakiyya, mkunga, Jumanne. Kisha akaigeuza tena, akalikata limekufa kwa mstari mmoja. Hajawahi kufufua mtu.

Kutoka hapo ikawa kazi. Mwashi akaleta neno la jiwe linaloziba pengo ukutani, wao wanalitumia kila siku. Bibi mmoja akakumbuka neno ambalo mumewe marehemu alimwitia bata. Si wote walikuwa na haki. Fundi cherehani mmoja alidanganya waziwazi ili apate karanga, na Tafida akamfukuza na upawa. Lakini hadi Jumanne jioni Ustadhi Wagdi alikuwa amefuta hukumu hamsini na mbili za kifo, na hakuwa amekunywa chai ya saa kumi na moja. Alikunywa saa kumi na mbili na robo, kwenye glasi ya Tafida, ikiwa na sukari maradufu, wala hakugundua.

Jumatano Tafida alikuwa anapima mbegu za tikiti akizungumza na mwanamke wa jirani juu ya hizo karatasi. "Mimi nilimwendea Shahhat kutafuta chupa tupu," alisema. "Chupa hakuna. Nikaona mzigo huu chini ya godoro bovu. Nikainama nikatazama. Lukta, shoga yangu, lukta kabisa!"

Ustadhi Wagdi akainua kichwa. "Umesemaje?"

"Nimesema nini?"

"Neno la mwisho."

"Lukta? Kwani na hilo nalo limekufa?"

"Hilo ni istilahi ya mafakihi," alisema Ustadhi. "Ni kitu kilichoanguka njiani, mwenyewe hajulikani, kikaokotwa."

"Mafakihi wana yao," alisema Tafida. "Sisi wa sokoni, lukta ni kile unachokipata ukiwa umetoka kutafuta kingine. Umekwenda kununua viazi, umerudi na jora la hariri kwa bei ya viazi."

"Au umekwenda kung'oa jino," alidakia yule jirani, "ukapata bwana. Dada yangu ilimtokea. Bwana mwenye duka! Jino mpaka leo linamuuma, anasema na liume."

Ustadhi Wagdi alikwisha kutoa karatasi mpya. Shingo ilikuwa imemwiva nyekundu, kama ilivyokuwa zamani mwanafunzi mvivu alipotoa ghafla jibu sahihi. "Subirini. Taratibu. Na mtu akipita, dirishani ikamwangukia pete ya dhahabu kichwani, hiyo ni lukta?"

Wanawake wawili wakatazamana, wakalipima.

"Hapana," alisema Tafida. "Hiyo ni bahati. Bahati humwangukia hata aliyelala. Lukta yataka uiname. Watu wangapi walipita kwa Shahhat siku ile, wakaona godoro tu? Lazima uwe unakwenda mahali, halafu uwe na macho, halafu uiname. Asiyeinama hana lukta."

Ustadhi Wagdi aliandika yote hayo. Aliyaandika mara mbili, kwa kuhofia mbuzi. Lile neno lake la herufi kumi na nne alilitoa mfukoni, akalitazama kwa muda, akalisokota pembe, akampa Tafida, naye akalijazia karanga za mteja.

Ni wakati huo Insaf alipotokea mlangoni. Alikuwa amemtafuta kaka yake siku tatu mfululizo wakati wa chakula, akiwa na mchuzi wa molokhiya kwenye sufuria, kila siku unapoa. Sasa alimwona: Ustadhi Wagdi Abdel-Bari, mbele ya umati, amefungwa aproni yenye mafuta, chumvi katika masharubu, anacheka. Akamtazama Tafida. Akautazama mkono wa Tafida, hauna pete. Akamtazama tena kaka yake.

"Lukta!" alisema Insaf, polepole.

"Naam!" Ustadhi aliruka kwenye kigoda. "Na wewe unalijua? Unalitumiaje? Kwa maana ipi?"

Duka zima likacheka mpaka mizani ikatikisika. Tafida aligeuka upesi kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Ustadhi Wagdi alibaki na kalamu hewani, anamtazama huyu na yule, asielewe neno amelipataje na mzaha umempita wapi.

Alhamisi alipanda treni ya asubuhi kwenda Kairo, karatasi zimejaa katika gunia la dengu, maana masanduku yalikuwa yamekwisha kupewa viatu. Chumba cha jopo kilinuka mara moja. Daktari Zuhdi alitoa leso.

"Ustadhi Wagdi, hii harufu ni ya nini?"

"Ni ya mashahidi," alisema Ustadhi.

Kisha akasimama, akatoa hoja ya lukta. Alisema maana ya sokoni, akaeleza habari ya kuinama, akawataja kwa majina Tafida na dada wa jirani mwenye jino. Mjumbe mmoja akaguna kwamba neno hilo ni la viatu vya bei rahisi na wachumba. Mwingine akasema na Kifaransa pia kilianzia kwa askari na wachuuzi, na leo kinavaa tai. Walibishana saa mbili. Katika kubishana, mikono ilizoea kuingia guniani, maana chini ya karatasi dengu nyingi zilikuwa zimesalia, na hoja zikawa zinatoka na makombo. Ikapigwa kura: wawili ndiyo, wawili hapana. Wa tano, Shekhe Mitwalli, alikuwa amelala tangu dua ya kufungulia. Wakamwamsha. Shekhe alijinyoosha, mkono ukagusa mezani, ukakuta dengu tatu, akazitia kinywani bila kufumbua macho vizuri.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilikuwa naota njaa."

"Shekhe, kura yako!"

"Kura ya nini tena? Ndiyo, ndiyo. Zipo nyingine?"

Daktari Zuhdi aliandika kumbukumbu kwa uso wa mtu aliyemeza sindano. Aliliweka lukta kwenye mstari wa pili, chini ya neno lake mwenyewe refu alilokuwa amelibuni, ambalo tangu siku hiyo hakuna mtu aliyelitumia, hata yeye.

Katika treni ya kurudi Ustadhi Wagdi hakusoma kitu. Alitazama mashamba ya pamba, akajizoeza sentensi. Aliitunga kwa sarufi safi, ikiwa na mtenda na mtendwa, akaifuta, akatunga nyingine. Hajawahi kumposa mtu. Zamani sana aliweka miadi ya kufanya hivyo, msichana akaolewa wiki moja kabla ya siku yenyewe. Tangu hapo hakuweka tena.

Insaf alikuwa anamsubiri nyumbani, amekaa juu ya ncha ya kiti.

"Kaka, usikasirike."

"Umeuza nini tena?"

"Sijauza. Asubuhi nilikwenda kwa yule Tafida nimgombeze. Wallahi nilikwenda kugomba! Nimwambie kaka yangu ni mtu wa heshima, hawezi kufanywa kichekesho cha sokoni. Akanipa kiti. Akanipa kahawa. Nikamwambia hujui jinsi alivyo mgumu kukaa naye, akasema najua, nimekaa naye siku tatu. Nikasema basi ungejua anavyokoroma, akasema marehemu mume wangu alikoroma mpaka majirani walihama. Tukaendelea hivyohivyo." Insaf akavuta pumzi. "Nilipofika hapa ndipo nikatambua nimekuposea."

Ustadhi Wagdi aliketi. Sentensi yote aliyoijenga kutoka Kairo ilimporomoka. "Na yeye kasemaje?"

"Kasema amekubali, kwa sharti moja. Karatasi zisiingie kwenye tanuri. Hata moja."

Ustadhi akageuka kutazama upande wa jikoni. "Ni sharti la haki," alisema hatimaye, kisha akaona haya, akaenda kunawa uso ambao ulikuwa safi.

Walioana baada ya sikukuu. Mchinjaji Hanafi alichangia mbuzi, tena aliandika kwenye kadi ya arusi, kabla ya jina lake, lile neno la ngamia. Kamusi ilichukua miaka minane zaidi, na Daktari Zuhdi hakuacha kulalamika juu ya mashahidi waliokuwa wakunga na waashi. Karatasi zaidi ya mia mbili hazikurudi kamwe.

Lakini asubuhi moja, miezi kadhaa baada ya arusi, Ustadhi Wagdi akiwa anafungua mlango wa duka, alimkuta mzee mmoja wa shambani anangoja kizingitini, mkononi ana nusu karatasi iliyokunjwa. Ustadhi aliipokea kwa furaha, akainyoosha, akavaa miwani. Mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa mwandiko wa kubabaika wa mtu aliyejifunza ukubwani: neno juu, maana katikati. Lilikuwa neno la harufu ya udongo mweusi maji yanapoingia mferejini kwa mara ya kwanza, na Ustadhi Wagdi hakuwa amelisikia hata siku moja.

"Hili silo langu, mzee."

"Najua," alisema yule mzee. "Ni langu. Nimesikia hapa mnabadilisha kwa dengu."